Mjadala wa Safari ya Romania

Ndugu wanachama, habari za jioni.

Kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kuitazama ile safari ya Romania ya mwaka 2009 ya Top Gear, kipindi cha magari cha televisheni ya BBC ya Uingereza, naomba jioni ya leo tuijadili hiyo peke yake, na picha za magari yanayouzwa zisubiri kesho.

Kati ya watangazaji wake watatu, Jeremy Clarkson aliendesha Aston Martin DBS Volante, Richard Hammond Ferrari California, na James May Lamborghini Gallardo Spyder, yote yakiwa ya kufunguka paa, wakaitafuta barabara ya milimani ya Transfăgărășan, iliyojengwa miaka ya 1970 kwa amri ya Ceaușescu, mtawala wa Romania wa wakati huo, na ambayo hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa kona zinazojikunja moja juu ya nyingine hadi kwenye handaki karibu na kilele. Clarkson aliitangaza kuwa bora kuliko Stelvio, barabara ya milimani ya Italia waliyoisifu mwaka 2007. Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, nasi pia, kama nilivyoona jana usiku.

Msisahau kwamba Waromania wengi waliifurahia barabara yao kuonekana, lakini wakakerwa na kejeli kuhusu nchi yao. Binafsi naona walikuwa na haki.

Anayeitetea Stelvio atoe sababu, si vibonzo vya kucheka tu. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, tafadhali.

Msimamizi wenu.