Hotuba mmeisifu, tarehe hamkuitazama

Ndugu Mhariri,

Nimewasoma tangu enzi ambazo gazeti lenu lilinifikia nyumbani likiwa limefungiwa maandazi. Leo nawasoma kwenye simu, Silver Spring, Maryland, huu mwaka wa 19, na sijawahi kuwaandikia. Hata siku mliyochora ramani mkaiweka Kigoma mahali pa Songea nilinyamaza, nikasema ni uchovu wa mchoraji. Lakini makala yenu ya majuzi kuhusu ukumbusho wa Jenerali Dwight Eisenhower hapa Washington imenishinda kumeza.

Mliyoandika juu ya ujenzi sina ugomvi nayo. Ni kweli Bunge la Marekani liliunda tume ya kuujenga mwaka 1999 na ukafunguliwa Septemba 2020. Ni kweli familia yake mwenyewe iliupinga mchoro wa msanifu majengo Frank Gehry kwa miaka, na umekula takriban dola milioni 150. Nakubali pia kwamba yule mzee aliongoza majeshi yaliyotua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, na kwamba mwaka 1957, akiwa rais, alipeleka askari wa miavuli kule Little Rock kuwasindikiza wanafunzi 9 weusi waingie shule iliyokuwa ya wazungu pekee. Mtu apewe haki yake.

Mimi ugomvi wangu ni pale mlipofika kwenye hotuba yake ya kuaga. Mmeimwagia sifa aya nne nzima: jinsi mwanajeshi mkubwa alivyowaonya wenzake wasiruhusu jeshi na viwanda vya silaha kushika usukani wa nchi. Mkataja na tarehe, 17 Januari 1961. Mkaweka nukta. Mkaendelea na bei ya hoteli.

Niwasimulie kidogo. Julai mwaka jana mjomba wangu, mtu wa Ujiji, alikuja kututembelea. Jumapili moja nikampeleka pale Independence Avenue, mkabala na makumbusho ya ndege na anga. Jua lilikuwa kali mpaka vyuma vinachoma. Akaangalia lile pazia la chuma, zaidi ya mita 130, lililoning'inizwa kwenye nguzo, akaniuliza mbona wamezungushia wavu wa banda la kuku. Nikamweleza kwamba ile ni picha ya majabali ya pwani ya Normandy, inaonekana vizuri usiku taa zikiwashwa. “Basi tungekuja usiku,” akasema, akaenda zake kukaa karibu na sanamu ya Eisenhower akiwa bado kijana wa Kansas. Ile aliipenda. Alisema ndiyo pekee pale isiyoamrisha mtu.

Hapo likaja kundi la watu wetu, kama 10 hivi, suti na beji shingoni, wametoka semina. Mbele yao kijana wa kwetu anayetembeza wageni, ameshika kibendera, anawaeleza kwa Kiswahili safi kabisa kwamba huyu alikuwa mpenda amani, ndiye aliyewaonya Wamarekani juu ya viwanda vya silaha. Maneno yenu yaleyale, mhariri, karibu neno kwa neno. Mjomba akainuka, wakamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza kwa upole: “Mwanangu, na Lumumba je?” Kijana akatabasamu. “Mzee wangu, Lumumba iko Dar, huku ni Washington.” Kundi zima likaangua kicheko. Mama mmoja akasema tumsamehe mzee, safari ya ndege ni ndefu. Mjomba naye akacheka kidogo, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyocheka akidharauliwa mbele za watu. Kwenye gari alivua kofia akaiweka magotini, hatukusemezana mpaka nyumbani.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tarehe hiyohiyo 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, alipelekwa kwa ndege Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akapigwa, akapakiwa garini, na kabla ya saa nne usiku kwa saa za kule akapigwa risasi porini pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, maofisa wa Kibelgiji na wakubwa wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Congo, wakiwepo. Washington ilikuwa bado alasiri. Mzee Eisenhower alipoketi mbele ya kamera saa mbili na nusu usiku kuwaaga wananchi kwa hekima zile mlizozisifu, Lumumba alikuwa maiti kwa saa sita hivi. Sisemi jenerali ndiye aliyefyatua risasi. Nasema yaliyomo kwenye maandishi ya Wamarekani wenyewe: kamati ya Seneta Frank Church iliyochunguza mashirika ya ujasusi, mwaka 1975, ilimsikiliza mwandishi wa kumbukumbu za kikao cha rais na Baraza la Usalama wa Taifa cha tarehe 18 Agosti 1960, akasema chini ya kiapo kwamba alichokisikia kwa rais siku ile kwake kilikuwa kama amri ya kuuawa Lumumba. Wengine waliokuwapo walikana. Lakini siku 8 baadaye mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, Allen Dulles, alituma telegramu Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la haraka na la kwanza kabisa, na Septemba sumu ikapelekwa kule kwa mkono. Haikutumika, maana waliotaka afe walikuwa wengi na wengine walimfikia kwanza. Haya yamechapishwa tangu mjomba wangu hajapata mvi. Mwandishi wenu aliyepata nafasi ya kueleza rangi ya mawe hakuyaona? Gazeti la Kiingereza likiyaruka nitaguna tu. Ninyi mnaandika kwa Kiswahili, na mtu huyu aliuawa nje ya mji ambao muuza mkate wake anahesabu chenji kwa Kiswahili! Mjomba alikuwa na miaka 11. Habari ilitangazwa katikati ya Februari, wakaisikia kwenye redio ya dukani, na anasema akina mama wa mtaani walilia kama wamefiwa na ndugu. Mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi ule akaitwa Lumumba, ni fundi baiskeli mpaka leo. Huyo ndiye mzee aliyechekwa kwamba amechoka na ndege.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niwaulize na hili. Hawa watu wa semina wanatumwa na nani? Kila kiangazi nawaona. Wanakuja na posho, siku moja kikao, siku tatu picha, wanarudi na fulana. Ukiwatajia Lumumba wanafikiri unasema ofisi za chama. Haiwezekani mtaa mzima Dar uitwe kwa jina la mtu halafu anayepita pale kila siku asijue mtu mwenyewe alikufa lini, wala vipi. Hata ile Sanamu ya Askari pale Posta, waliosimamisha ni Waingereza mwaka 1927, na kwetu imebaki kuwa mahali pa kumwelekeza dereva wa bodaboda. Mara ya mwisho nilipopita, kunguru ametua juu ya kofia ya askari yule na hakuna aliyeinua macho. Halafu tunafunga safari bara zima kuja kuinua macho kwa askari wa wenzetu.

Ushauri wangu ni mwepesi. Kwa wenye ukumbusho: pazia lenu lina zaidi ya mita 130 za chuma. Lumumba alibakiwa na jino moja, maana mwili waliukatakata wakauyeyusha kwa asidi, na jino lenyewe polisi wa Kibelgiji alikaa nalo, likarudishwa kwa familia Juni 2022. Nafasi ya jino moja kwenye pazia kubwa namna ile haikosekani. Mkishindwa, wekeni benchi la kawaida, la watu wawili, linalotazama upande wa pili.

Kwenu ninyi, mhariri: tarehe 17 Januari ijayo tengeni ukurasa mmoja. Kushoto hotuba, kulia Lubumbashi, herufi ukubwa uleule, na chini pasiwe na tangazo la dawa za nguvu za kiume. Nakala moja ya karatasi mpelekeeni mjomba Ujiji kwa basi, nauli ya kifurushi nitalipa mimi. Simu yake ni kitochi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Silver Spring, Maryland