Damu isiyo na mpangilio si ya kunong'onezana

Mhariri,

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, mwaka wa 19 sasa. Naomba nafasi niseme jambo ambalo sisi wanawake tunaambiana kwa kunong'ona juu ya magunia.

Karibu miaka miwili nilitokwa damu ovyo: siku 12 mfululizo, napumzika wiki, inaanza tena na mabonge. Nilivaa khanga mbili, kitenge cheusi juu, na kila nikiinuka kumpimia mteja debe namwomba jirani anitazame nyuma. Mume wangu alidhani namkwepa. Kwa kuwa nina miaka 46, kila mtu aliniambia, "Dada, hedhi inakoma hiyo." Mwingine akasema chango, nikanywa mizizi. Zahanati moja ilinipa dawa za UTI mara tatu, hakuna aliyenigusa hata tumbo.

Siku niliyoanguka nikipandisha mlima kurudi nyumbani, wingi wa damu ulikuwa 6, wakati mwanamke anatakiwa afikishe 12. Nikaongezewa damu. Walianza na kipimo cha mimba (nikashangaa, lakini mimba iliyoharibika au iliyotunga nje nayo humwaga damu), kisha utrasaundi. Kumbe ni uvimbe kwenye kizazi. Nilipewa vidonge vya kupunguza damu na vya madini ya chuma, baadaye nikafanyiwa upasuaji. Wapo wanaotibiwa kwa vidonge vya homoni au kitanzi chenye homoni, kisu hawakioni.

Si kila damu ni uvimbe. Homoni zikiyumba, tezi ya shingoni ikiugua, au ukiwa na sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, hasa miezi ya mwanzo, damu huvurugika. Usikitoe kijiti kwa hofu, rudi kwa mtoa huduma. Ila damu baada ya tendo la ndoa ikachunguzwe haraka, huenda ni saratani ya shingo ya kizazi. Na pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja, inayofuata vilevile, usisubiri kukuche.

Mhariri, andikeni haya waziwazi, na wanaume wayasome. Mwenzangu hapa hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita. Jana kanivuta pembeni, kaona matone. Anadhani ujana umerudi. Nimemwambia hedhi ikishakoma mwaka mzima, hata tone moja ni la kupimwa. Kesho alfajiri meza zote mbili tunamwachia mwanangu, tunakwenda pamoja.

Mama muuza dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza