Barua kwa mwanangu: zile kurasa tisa

Mwanangu Neema,

Marahaba. Picha za mkataba wa chumba cha huko Berlin unakokwenda kusoma zimenifikia. Nimehesabu kurasa tisa, zote za Kijerumani, na ule wa mwisho una sahihi yako, ile yenye mkia uliyokuwa ukijifunzia nyuma ya maandalio yangu ya somo. Nikakupigia kukuuliza zinasema nini. Ukacheka: "Baba, ni mkataba wa kawaida tu, kila mtu anatia sahihi." Usiku huo sikulala.

Mwanasheria mzima! Ukoo umechangishana nauli, padri amekutaja kanisani, na wewe unatia sahihi karatasi usiyoisoma. Kabla hata hujapanda ndege.

Najua utasema mzee ameanza. Acha nianze. Nimefundisha Historia miaka 31, na kila mwaka Chifu Mangungo wa Msovero nilimfundisha kama kichekesho. Darasa zima lilicheka, na wewe ukiwa dawati la mbele. Mpaka leo mtu akiuza kiwanja kwa bei ya kutupa tunamwita Mangungo, na mwanasiasa akitaka kuutukana mkataba anasema ni wa Mangungo. Nimestaafu ndipo nimeanza kumwonea haya yule mzee. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters anaingia Usagara na wenzake wachache. Ana zawadi, ana mkalimani, ana karatasi ya Kijerumani. Karatasi inaanza kwa kutangaza urafiki wa milele. Nani anakataa urafiki? Mistari ya chini ndiyo inayotoa nchi. Mangungo hakuwa mjinga, mwanangu. Alijua kupatana, alijua mgeni anapewa nini na hapewi nini. Asichojua ni kwamba kwa yule mgeni lililoandikwa lilikuwa linafuta lililosemwa. Wewe hilo umelisomea miaka minne. Ndiyo maana yeye simlaumu na wewe nakulaumu.

Sababu za ukoloni nilikupa kwa hoja: malighafi, masoko, mitaji, sifa ya taifa. Ukakariri, ukapata mia kwa mia, nikakutangaza mtaa mzima. Lakini hoja hazionyeshi haraka waliyokuwa nayo wale watu. Ujerumani iliungana mwaka 1871 tu. Ilipoinua kichwa, Waingereza na Wafaransa walikuwa wameshajipakulia. Kansela wao Bismarck mwenyewe mwanzoni makoloni aliyaona ni gharama. Lakini wafanyabiashara wanapiga kelele, biashara imelegea, viwanda vya nguo vinategemea pamba ya Marekani, na Peters anarudi Berlin na karatasi zake zimeshatiwa alama. Mkutano wa Berlin, ambao hakuna Mwafrika aliyealikwa, ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Tarehe 27 Kaizari akatoa hati ya kuyaweka maeneo ya Peters chini ya ulinzi wake. Kesho yake tu! Wenyewe Usagara hawajui kitu, wanapalilia.

Tarehe 27 Februari, Neema. Umekulia Songea, huhitaji kuambiwa siku hiyo hapa tunafanya nini. Wazee wetu wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa na Wajerumani tarehe hiyo mwaka 1906, wakati wa vita vya Maji Maji, miaka 21 kamili baada ya hati ile. Nilifundisha tarehe zote mbili, moja muhula wa kwanza na nyingine wa pili, na sikuwahi kuziweka kwenye ubao mmoja. Nimeziona juzi, nimekaa na barua yako ya ufadhili mkononi.

Na katikati ya tarehe hizo kuna kodi ya nyumba ya 1898, ambayo mtu asiye na fedha aliilipa kwa jasho. Kuna pamba. Umatumbi, kule Kilwa, watu walilimishwa mashamba ya pamba kwa nguvu, na malipo yalikuwa kiduchu mpaka wengine wakakataa kuyapokea. Julai 1905, pale Nandete, wakaanza kwa kung'oa miche. Nimewahi kulima pamba nikiwa kijana kwa baba yako mkubwa: mche wa pamba haung'oki kirahisi, mzizi wake umezama, unainama, unavuta kwa mikono miwili. Sasa waone watu shambani wanafanya hivyo mche kwa mche, mchana kweupe, wanajua kabisa nini kinakuja. Wamatumbi hawakutia alama karatasi yoyote ya Peters. Zile za Usagara ndizo zilizofungua mlango, na mkoloni akafika mpaka kwao. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kilichofuata unakijua: maji ya dawa ya mganga Kinjikitile, kisha bunduki, kisha Gavana Götzen na askari wake wanachoma maghala na mazao. Njaa iliua kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuanzia 75,000 hadi 300,000, na tofauti hiyo peke yake inatosha kukuonyesha jinsi watu hao walivyohesabiwa. Kwingine ardhi ilibaki tupu, pori likarudi, mbung'o wakaingia. Leo watalii wanapiga picha tembo palipokuwa na vijiji.

Mama yako amesoma mpaka hapa, akasema kama nimeamua kusema, niseme na la kwetu. Basi. Yule ng'ombe hakuibiwa. Mwaka ule wa ada yako ya kidato cha tano nilitia sahihi fomu ya mkopo, kausha damu hizi, nikiwa nimesimama, kalamu ya kuazima, miwani nimeiacha nyumbani. Waliponisomea maandishi madogo walikuwa wameshakuja na kamba. Mengine atakueleza mwenyewe. Mimi naandika kuhusu mkataba wako.

Huko Berlin sikutumi kutafuta kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wetu aliyenyongwa na Wajerumani, kichwa kinachosemekana kilipelekwa kwao. Ukoo wake wanakitafuta, na Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta. Wewe unakwenda kusoma. Ila ukipata Jumapili moja nenda makumbusho ya viumbe ukamwone yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, ana urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu. Alichimbuliwa kule Lindi kati ya 1909 na 1913, na mifupa yake ilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka pwani. Ilikuwa miaka michache tu baada ya ile njaa. Wengi wataangalia kichwa cha mjusi. Wewe fikiria shingo za waliombeba.

Na nasikia ule mtaa uliokuwa na jina la Peters, sehemu yake tangu 2024 inaitwa Maji Maji. Kama chumba chako kiko karibu nipigie picha ya kibao. Nimefurahi, siwezi kukuficha, ingawa kibao hakirudishi kitu.

Nyumbani hatujambo. Mbolea ya ruzuku imefika lakini namba ya simu iliyosajiliwa ni ile laini yako ya zamani, kwa hiyo ujumbe wa kuchukulia unaingia kwako. Tafadhali usiifute, nitumie hizo namba kabla mvua hazijaanza. Bati la jikoni nimelipigilia mwenyewe, mama yako anasema bado linavuja na mimi nasema ni umande. Mdogo wako ameanza kuvaa shati lako la shule kulalia. Koti alilokununulia mama yako Kariakoo livae hata kama wenzako watalicheka, alilinunua kwa pesa ya kikoba. Mimi vidonge vya presha nameza, msiulizane tena.

Unaondoka Jumanne. Kabla ya hapo mtafute huyo mwenzako anayejua Kijerumani, akae na wewe akusomee mkataba, ukurasa kwa ukurasa, hata kama umeshatia sahihi. Aanze na ukurasa wa sita. Kuna neno limeandikwa kwa wino mzito, Kündigungsverzicht. Nimelihesabu kwa kidole mara mbili, lina herufi 18. Neno refu namna hiyo si salamu.

Baba yako