Kabla hamjaisifu meseji: barua ya wazi kwa vijana wa utafiti wa afya na teknolojia

Wanangu,

Hamjambo. Barua hii ni ya kwenu ninyi mnaotunga programu za simu za kuwakumbusha wagonjwa dawa, mnaopeleka vifaa vipya vya kupimia zahanatini, mnaofundisha kompyuta kusoma picha za eksirei, kisha mnatakiwa mseme kama imesaidia. Nataka tuzungumze kazi moja tu, ile ya kumtambua aliyeyaleta matokeo. Takwimu zikipanda baada ya simu kuingia kijijini, simu ndiyo hupewa sifa ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuja na bajeti. Mara nyingi sifa hiyo haistahili yote.

Chukueni jaribio la WelTel la Kenya, lililoanza kuandikisha watu mwaka 2007 na kuchapishwa mwaka 2010. Watu 538 walioanza ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, katika kliniki za Nairobi na Kajiado, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida, jingine liliongezewa meseji moja kwa wiki yenye neno “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa ajibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48. Baada ya mwaka, asilimia 62 ya waliotumiwa meseji walisema wanameza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao. Ambao virusi vyao vilikuwa vimefubaa ni asilimia 57 dhidi ya 48.

Wengi waliosoma habari hiyo waliondoka na jibu kwamba meseji zinakumbusha. Isomeni tena. Meseji ile haikutaja dawa wala saa ya kumeza. Iliuliza hali tu, na nyuma yake alikaa mhudumu wa kliniki aliyempigia simu kila aliyejibu “Shida”, na kila aliyekaa kimya siku mbili. Basi kilichofanya kazi ni neno “Mambo?”, au ni mtu aliyepiga simu? Au ni mgonjwa kujua tu kwamba yupo anayemuulizia? Jaribio lenye makundi mawili haliwezi kuvitenganisha vitu hivyo vitatu. Linaweza kuupima mzigo mzima tu.

Jaribio jingine, la Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, lilichapishwa mwaka 2011. Lilikuwa na wagonjwa 431 wa ARV, na umezaji ulipimwa kwa kifuniko cha chupa chenye chipu inayoandika kila chupa inapofunguliwa. Waliokumbushwa kwa meseji mara moja kwa wiki, asilimia 53 walifikia kiwango cha kumeza angalau dozi 90 katika kila 100. Kundi lisilokumbushwa, asilimia 40. Waliokumbushwa kila siku hawakupata nafuu yoyote. Kama kukumbushwa ndiko dawa, meseji ya kila siku ingeshinda ya wiki. Na huko Yaoundé, Cameroon, watu 200 walijaribiwa kwa meseji ya kila wiki kwa miezi sita, matokeo yakachapishwa mwaka 2012: tofauti yenye uhakika haikuonekana. Teknolojia ni ile ile, meseji, na majibu yamepishana.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika programu, uchambueni mzigo wenu kipande kwa kipande. Maneno gani yanatumwa? Mara ngapi? Mgonjwa anaweza kujibu, na nani anasoma jibu, ndani ya saa ngapi? Simu ni ya mgonjwa mwenyewe, ya mumewe, au ninyi mmeigawa? Salio la kujibu linatoka mfukoni mwa nani? Kila kipande kiwe na daftari lake: meseji zilizotumwa, zilizofika, zilizojibiwa, simu alizopiga mhudumu na dakika alizozungumza. Pasipo daftari hilo, mradi ukishindwa hamtajua kama wazo lilikuwa bovu au mhudumu alihamishwa mwezi wa tatu na hakuna aliyeshika nafasi yake. Mkiwa na fedha, wekeni makundi matatu: huduma ya kawaida, meseji peke yake, meseji pamoja na mhudumu. Mtahitaji watu wengi zaidi, na hilo mmweleze mfadhili mapema.

Sasa chukueni karatasi na kalamu. Kompyuta iacheni kwanza. Andikeni teknolojia yenu upande wa kushoto, tokeo upande wa kulia, kisha kila jambo jingine mnaloliwaza, na mishale ya nini kinasukuma nini. Mtakutana na mambo ya aina tatu, na kila moja lina matunzo yake.

La kwanza ni mzizi wa pamoja, yaani jambo linalosukuma pande zote mbili. Mkilinganisha wajawazito wenye simu na wasio nazo, mtakuta wenye simu wanajifungulia hospitali zaidi. Kipato, elimu na umbali kutoka barabarani vinampa mama simu na pia vinampa nauli. Mizizi hii ipimeni kabla ya kuanza, na muizingatie kwenye hesabu. Kura inaikata, mradi watu wawe wengi na kura isichezewe. Muuguzi akiweza kuona bahasha ya kura inayofuata ina nini, atamwekea mgonjwa anayemhurumia, na kura imekufa hapo hapo.

La pili ni daraja. Meseji inamleta mama kliniki mara nne badala ya mbili, na mahudhurio hayo ndiyo yanayomfikisha kwa mkunga. Hapa ndipo vijana wengi huteleza: wanaingiza idadi ya mahudhurio kwenye modeli, yaani hesabu ya kulinganisha makundi, “ili kusawazisha”, wanalivunja daraja ambalo meseji ilipitia, kisha wanatangaza kwamba meseji haina athari. Kilichotokea baada ya teknolojia kuanza kisisawazishwe kama kilichokuwepo kabla.

La tatu ni gumu kulishika, nami naomba mlisome polepole. Nauita mlango. Tuseme mnapima matatizo baada ya uzazi kwa kina mama waliofika kliniki siku ya 42. Upande usio na meseji, wengi wanaofika ni wale wanaoumwa. Upande wenye meseji, wanafika wanaoumwa na wazima pia, kwa sababu wamekumbushwa. Mkihesabu waliopita mlangoni tu, upande wa meseji utaonekana una matatizo machache kwa kila mia, ingawa meseji haikuzuia ugonjwa hata mmoja. Hakuna hesabu ya baadaye itakayoliponya hili kwa uhakika. Dawa yake ni kuwafuata wote walioandikishwa, hata kwa kutuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii mlangoni kwao, na kumhesabu kila mtu katika kundi alilopangiwa, apate meseji au asipate.

Kuna Waswahili wasemao asifuye mvua imemnyea. Mnaowahoji mwisho wa mradi ni wale mvua iliyowanyea, yaani waliobaki; waliopotea njiani hamuwasikii. Tanzania, Januari 2020, laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na usajili ule ulidai kitambulisho cha taifa au namba yake. Mradi wowote wa meseji uliokuwa unaendelea ulikuwa na hatari ya kupoteza watu wakati ule, na hakuna sababu ya kuamini kwamba waliopotea walifanana na waliobaki. Kwa hiyo mkiona namba haipatikani, andikeni tarehe na sababu, kisha mlinganishe waliopotea na waliobaki kwa umri, umbali na hali waliyoanza nayo. Tangu siku ya kuandikisha ombeni namba ya pili, ya ndugu au jirani, kwa ridhaa ya mgonjwa, na mkubaliane naye maneno yatakayosemwa akipokea mtu mwingine. Siri ya mgonjwa ni kubwa kuliko takwimu yenu.

Halafu ipo tofauti baina ya mtu na mtu. Zanzibar palifanyika jaribio la wajawazito 2,550 katika vituo 24, lililochapishwa mwaka 2012. Kina mama walipata meseji na vocha ya kumpigia mhudumu. Waliozalishwa na mtaalamu walikuwa asilimia 60 upande wa simu na 47 upande wa pili. Mkiishia hapo mtaipeleka kila kijiji. Lakini nafuu iliyothibitika ilikuwa kwa wanawake wa mjini. Wa shamba haikuwafikia. Simu humjulisha mama kwamba aende. Gari hailileti. Swali la nani anafaidika liandikwe mapema, kwa vikundi viwili au vitatu mnavyovitaja kwa sababu maalumu. Mkisubiri data ije ndipo mpasue vikundi 20, kimoja kitang’aa kwa bahati tu.

Jaribio hilo linafundisha na hesabu. Kura ilipigwa kwa vituo, si kwa mtu mmoja mmoja. Wajawazito wa kituo kimoja hufanana: mkunga mmoja, barabara moja, stoo moja ya dawa. Kuna kanuni ya kujua kufanana huko kunapunguza uzito wa idadi yenu mara ngapi: toeni 1 kwenye wastani wa watu kwa kituo, zidisheni kwa kiwango cha kufanana, ongezeni 1. Watu 2,550 kwa vituo 24 ni kama 106 kwa kituo. Kiwango cha kufanana kikiwa 0.02 tu, mnapata 3.1. Gawanyeni 2,550 kwa 3.1: watu wenu wana uzito wa kama 820. Kuongeza wajawazito kituo kile kile kunasaidia kidogo. Kuongeza vituo ndiko kunakosaidia. Mradi wenye kituo kimoja cha simu na kimoja cha kulinganisha hauwezi kusema lolote kuhusu simu, hata ukiwa na watu elfu kumi, kwa sababu hauwezi kutenganisha simu na kituo.

Wakati nao hufanya kazi zake. Kenya iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za serikali tarehe 1 Juni 2013. Mwaka 2017 wauguzi wake wakagoma kwa takriban miezi mitano. Anayelinganisha “kabla” na “baada” katika vipindi hivyo anapima sera au mgomo. Tafuteni eneo lisilo na mradi lililopitia majira yale yale. Tuseme kwenu uzazi wa hospitalini umetoka asilimia 40 hadi 55, na kwa jirani umetoka 42 hadi 53. Pointi zenu si 15. Ni 15 kutoa 11, zinabaki 4. Nazo ni halali ikiwa tu, kabla ya mradi, maeneo hayo mawili yalikuwa yakipanda kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo kusanyeni takwimu za miezi 24 ya nyuma, mzichore muone.

Kuhusu vipimo nitasema machache. Mgonjwa akiulizwa na yule yule anayempa huduma, hujibu linalompendeza muulizaji, hivyo pimeni wingi wa virusi inapowezekana. Uzito wa watoto ukirundikana kwenye gramu 2,500 na 3,000, mizani inasomwa kwa makadirio. Kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za vituo vya afya, sifuri huwa haihifadhiwi mpaka kigezo husika kiruhusiwe kuihifadhi. Kwa hiyo kituo kisicho na kifo na kituo kisicholeta ripoti huonekana sawa, nafasi tupu. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho kichunguzwe: wagonjwa waliofuatiliwa Marekani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, walikuwa na upungufu wa oksijeni ambao hakikuuona kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya Weusi na 3.6 ya Weupe. Kifaa kinachokosea kulingana na rangi ya ngozi kitawapa jibu la uongo hata kura yenu iwe safi.

Na ninyi wa eksirei: mwaka 2018 ilionyeshwa, kwa picha za hospitali za Marekani, kwamba programu ya kutambua nimonia ilijifunza kuitambua hospitali picha ilikotoka. Hospitali moja ilikuwa na nimonia katika picha zaidi ya 30 kwa kila 100, nyingine karibu 1. Kompyuta ikijua hospitali imeshapata nusu ya jibu bila kuangalia pafu. Mkichanganya picha za wagonjwa wa TB kutoka hospitali ya rufaa na picha za wazima kutoka kituo cha uchunguzi wa wafanyakazi, mtapata modeli ya kutambua mashine. Wagonjwa na wazima watoke chumba kile kile, na jaribio la mwisho lifanyike kwenye hospitali ambayo modeli haijawahi kuona picha zake.

Mkipeleka itifaki, yaani mpango wa utafiti wenu, kwa kamati ya maadili, ambatisheni ule mchoro wa mishale, ukiwa na tarehe, pamoja na tokeo moja kuu mlilolichagua na vikundi mtakavyovilinganisha. Kisha uonyesheni kwa muuguzi wa zamu na karani wa masjala kabla ya kuajiri hata mkusanyaji data mmoja, na muwaulize ni mshale gani mmeusahau.

Mzee wenu