Shughuli za msimu ni za watoto au za kupigia picha?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo limenikaa kooni, na kila nikiwagusia wazazi wenzangu wanacheka tu, eti hayo ni mambo ya walimu. Nazungumzia hizi shughuli za msimu wanazofanyishwa watoto wadogo deikea na hata majumbani, wale wa miaka miwili mpaka mitano hivi. Mvua zikianza mtoto anarudi na karatasi ya manila iliyokatwa umbo la mwamvuli, kingo zimenyooka, gundi haijamwagika hata tone, jina limeandikwa kwa mwandiko wa ticha. Yani mtoto wa miaka mitatu ambaye kushika mkasi tu ni vita leo kakata mwamvuli kama fundi? Tunajua nani kakata. Na darasa zima wana mwamvuli uleule rangi ileile, picha zishapigwa zikatumwa kwenye grupu la wazazi, sisi tunajibu na makopakopa, siku imeisha. Nje mvua imenyesha mpaka imekatika na hakuna mtoto aliyeiona zaidi ya dirishani.

Alafu kuna ile ya kubandika pamba kwenye karatasi ya bluu eti theluji. Sawa, kama mnaishi kwenye theluji ina maana, lakini unakuta inafanyika hadi kwenye joto la kutoa jasho, kisa picha imepatikana intaneti na ni nzuri.

Sisemi walimu ni wavivu, hapana. Mi naona sisi wazazi ndio tumewafikisha hapo. Jioni mzazi akikuta soksi ina tope anawaka mpaka mwalimu anajuta, sasa mwalimu gani kesho yake atawatoa nje? Bora akate miavuli yake kwa amani.

Lakini msimu wenyewe upo pale mlangoni na ni bure. Chukua mvua. Ikikatika, watoto watoke na chaki, mtafute dimbwi dogo kwenye sakafu ya saruji, mtoto achore mstari kuzunguka ukingo wa maji. Basi, waende wakale, wakalale, wakiamka mrudi palepale. Mstari upo, maji yamesogea ndani. Nimewahi kukaa na kundi la watoto wakifanya hii kitu na mabishano yake ni burudani tosha, mmoja anasema maji yamenywewa na mbwa, mwingine anasema hapana yameingia chini, wa tatu kachuchumaa anaweka kidole kati ya mstari na maji kuhakikisha hakuna kilichofichwa. Mwalimu asikimbilie kusema ni jua na upepo vimeyafanya kuwa mvuke, awaulize tu "sasa tukichora tena itakuwaje?" Wanachora mstari wa pili ndani ya ule wa kwanza, baadae wa tatu, na hapo umepata somo la sayansi, la kuchora na la kusubiri kwa pamoja, gharama yake kipande cha chaki.

Kiangazi nacho hivyohivyo. Mtoto asimame asubuhi mwenzake amchoree kivuli chini, karibu na mchana asimame tena palepale aone kivuli kimekuwa kifupi, jioni kinarefuka kikielekea upande mwingine. Waambieni wajaribu kukikimbia, watacheka mpaka wachoke. Jua likiwa kali sana wapeni brashi na ndoo ya maji wakapake ukuta "rangi", inakauka wanaanza upya, hakuna wa kumgombeza na hakuna kilichoharibika. Za upepo ni rahisi zaidi, vipande vya kitambaa vimefungwa kwenye kijiti mtoto anakimbia navyo anaona vinapepea upande gani. Baridi ikiwepo, jengeni nyumba ya mashuka chini ya meza mkasimuliane hadithi na tochi.

Na kupanda mbegu jamani, hiyo isikose. Maharage kwenye pamba yenye unyevunyevu ndani ya chupa inayoonesha, ndani ya wiki hivi yanachomoa mzizi kwanza ndio jani lifate. Kila mtoto awe na lake. La mmoja litaoza, ni kawaida, msilibadilishe usiku kimyakimya ili asilie, mwacheni aulize na apande lingine.

Hapa niweke angalizo maana najua kuna watakaosema namshabikia mtoto augue au aumie. Maji hata ya kina kifupi, sentimita chache tu, yanaweza kumzamisha mtoto mdogo, kwahiyo beseni likiwepo mtu mzima awepo hapohapo, macho kwa mtoto sio kwenye simu, na mchezo ukiisha maji yamwagwe muda uleule. Mbegu zinaingia puani na masikioni kuliko mnavyodhani, na wa chini ya miaka mitatu anaweza kupaliwa nazo, wao wapeni vitu vikubwa. Mkisikia radi wote ndani, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Lakini manyunyu na tope lenyewe? Badilisha nguo, nawa mikono, maisha yaendelee.

Na wala sio mawazo yangu tu ya kijiweni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, mtoto wa miaka 3 hadi 4 anatakiwa awe kwenye kujishughulisha na mwili angalau dakika 180 kwa siku, na kati ya hizo zisipungue 60 za kuruka na kukimbia haswa, kukaa kwenye skrini isizidi saa moja, na walio chini ya miaka miwili skrini wasipewe. Hebu fanyeni hesabu kwa mtoto anayeshinda amekaa anabandika pamba, akifika nyumbani anapewa simu atulie. Na huko nyuma, mwaka 1914, kina dada Rachel na Margaret McMillan walifungua kituo cha watoto wadogo Deptford, London, kwa familia maskini kabisa, na watoto walikuwa wanashinda bustanini kwenye hewa safi wakicheza na kulima. Zaidi ya miaka mia imepita sisi tunajadili soksi.

Ombi langu kwa wenye vituo, kabla msimu haujabadilika tumeni ujumbe kwenye hayo hayo magrupu, "leteni nguo kuukuu za kuchafua na za kubadilisha, kuanzia wiki ijayo tunatoka nje." Atakayelalamika aambiwe mapema, sio jioni getini. Na nyie Mhariri, kwenye ule ukurasa wa watoto punguzeni zile picha za kupaka rangi, wekeni japo kazi moja ya nje inayoendana na msimu uliopo. Mi ntakata nibandike kwenye mlango wa friji.

Mzazi na msomaji wenu