Sule, sikuwa naogopa

Chake Chake, Jumapili usiku

Sule yakhe,

Assalamu alaykum. Nyumbani wazima? Bi Mkubwa magoti yake vipi, na Mbarouk kesha kwenda zake Muscat au bado anasema wiki ijayo? Huku wazima sote. Mvua za vuli zinatuchezea tu: karafuu tunaanika, tunaanua, tunaanika, tunaanua, mpaka jamvi limechoka kuliko sisi. Najua sijakuandikia tangu Mfungo Mosi. Nilikuwa nimenuna, na sababu unaijua.

Au huijui? Basi nikukumbushe. Kule uwanja wa Mao, mchezo wa kikapu umekwisha, tunakunywa maji, ukasema mbele ya watu: "Hamad siku hizi anacheza kama anakanyaga mayai." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha ukaongeza: "Umeogopa bwana, sema tu." Hilo la pili ndilo nililopanda nalo boti mpaka Mkoani, na halikunitoka hata nilipofika nyumbani.

Sasa nimepata jibu, ndiyo maana nakuandika. Haki ninakupa nusu. Mayai nilikuwa nayakanyaga kweli. Kuogopa, hapana.

Wiki tatu nyuma nimetoka msikitini baada ya isha, sina mpira, hakuna anayenikaba, nimevaa kandambili zangu. Nikakanyaga kokoto. Kokoto moja, Sule. Kifundo cha mguu kikapinduka kwa ndani kama mlango uliong'oka bawaba. Usiku nikalala nahesabu ni mara ya ngapi, nikafika kumi na moja nikaacha. Ile ya kwanza ulikuwepo: niliruka kuchukua ribaundi, ule mpira unaogonga ukakosa kuingia, nikatua juu ya kiatu cha Juma Mrefu. Bi Mize akanichua kwa mafuta ya makonyo ya karafuu siku saba, uvimbe ukashuka, wiki ya tatu nimo kiwanjani. Sote tukasema kapona. Bi Mize simlaumu, mikono yake Mungu ampe kheri, yeye aliambiwa aondoe maumivu na akayaondoa.

Mke wangu akanikokota hospitali. Nikapelekwa kwa kijana wa mazoezi ya viungo, mdogo kwetu, maneno yake machache. Hata mguu hakuugusa kwanza. Akanipa karatasi ya maswali tisa: ukishuka ngazi vipi, ukisimama kwa mguu mmoja vipi, ukikimbia kwenye ardhi ya mashimo, ukigeuka ghafla. Mguu mzima unapata alama 30. Ukiwa chini ya 25 ujue una jambo. Mimi nilipata 13, mtihani ambao hata shuleni sikupata kufeli hivyo. Akaniuliza tangu kuumia mara ya kwanza umepita mwaka? Nikamwambia minne. Akasema basi huku si kuteguka tena, kifundo kimeshakuwa na tabia ya kulegea, na wanaofika hapo baada ya kuteguka mara moja tu si wachache.

Akanieleza hivi, na mimi nakueleza kwa maneno yangu. Upande wa nje wa kifundo kuna kano tatu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko wenziwe, na ndiyo inayochanika kwanza mguu ukijipindua. Lakini kano hizo si kamba tu. Ndani yake mna mishipa midogo ya fahamu inayopeleka habari kichwani: mguu uko hapa, umeelekea hivi, umeanza kulala. Zikichanika na zikaunga ovyo, habari zinachelewa. Misuli ya ubavuni mwa muundi, ambayo kazi yake ni kuuvuta mguu usipinduke, inashtuka wakati mguu umeshalala. Maumivu yameondoka lakini mguu haujui uko wapi. Yaani ni kama mtu anayelinda goli akiwa na usingizi.

Baadaye akaniambia nisimame mbele ya ukuta, nikunje goti liguse ukuta bila kuinua kisigino, huku narudisha mguu nyuma kidogo kidogo. Wa kushoto ulifika upana wa vidole kumi kutoka ukutani na mimi bado nacheka. Wa kulia, vidole vitano, kisigino hewani. Kisha nisimame kwa mguu mmoja na kunyoosha mwingine mbele, nyuma kushoto, nyuma kulia, tuone unafika wapi bila kuyumba. Kwa mguu mbaya niliyumba mpaka nikamshika bega.

Hapo ndipo nikaona mchezo wangu wote wa miaka minne umelala sakafuni pale. Mbio za moja kwa moja sikupungukiwa, wewe mwenyewe ulisema bado nakupita kwenye kaunta, zile mbio za kushambulia ghafla. Kilichokufa ni kukata, yaani kugeuka upande ghafla. Mtu akinibadilishia upande upesi, mimi lazima nichukue hatua mbili ndogo kabla ya kumfuata, na hatua mbili kwenye kikapu ni pointi mbili. Kuruka nilikuwa naruka, kutua ndiko kulikonitisha: nilikuwa natua mguu mkavu, goti halikunjiki, uzito wote kushoto. Ndiyo maana goti la kushoto limeanza kunipigia kelele. Na kwenye ule msongamano chini ya ubao nilikuwa narudi nyuma, macho yanatafuta miguu ya watu badala ya mpira. Wewe ukaona mtu anayeogopa. Ningekuwa mimi ndiye kocha, labda na mimi ningesema hivyohivyo. Lakini si mbele ya watu.

Basi yameisha. Au karibu yaishe.

Unajua kilichonichoma zaidi? Wakati ule ukinitolea mfano wa Stephen Curry, yule wa kikapu cha NBA Marekani. "Mtazame Curry, mdogo kama wewe, haogopi kuingia." Curry huyohuyo kifundo chake cha kulia kilipasuliwa 2011 na tena 2012, na msimu wa katikati hapo alicheza mechi 26 tu! Watu walishaanza kumzika. Waliomrudisha hawakukandika kifundo peke yake, walimjenga nyonga, ili kazi ya kugeuka na kutua isibebwe na kifundo pekee. Miaka mitatu baadaye ndiye mchezaji bora wa ligi. Nasema haya si kwa sababu najiona Curry, usianze.

Yule kijana alinionesha na utafiti wa Australia wa 2001, wa wachezaji wa kikapu watupu. Aliyewahi kuumia kifundo anakaribia mara tano ya mwenziwe kuumia tena. Na zaidi ya nusu ya walioumia hawakwenda kwa mtaalamu yeyote. Nilisoma nikakumbuka timu yetu nzima. Nani aliwahi kwenda? Mimi, wewe, Juma Mrefu, Salum na ule mguu wake wa kuburura, sote tulikuwa tunafunga bandeji na kuomba dua.

Basi sasa kila asubuhi na jioni nasimama kwa mguu mmoja. Napiga mswaki kwa mguu mmoja. Nikizoea hivyo, nafumba macho, na nikifumba macho naanguka juu ya beseni. Kuna na kamba ya mpira ya kuvuta kwa unyayo, na kuruka kidogo na kutua taratibu, goti likunjike. Mwanangu ananiita korongo. Jirani kaniona alfajiri uani, mguu mmoja juu, nimefumba macho, midomo inahesabu. Pemba hii, Sule. Tangu siku ile ananisalimia kwa adabu ambayo sijapata kuiona.

Sasa shida yangu. Nataka unitafutie hapo mjini kifunga kifundo, kile cha kitambaa kigumu chenye kamba za kukaza kama kiatu. Ile soksi ya mpira usininunulie, hiyo ninayo na ni joto tu. Marekani waliwagawa wachezaji 1,460 wa kikapu wa sekondari, nusu wakavaa hivi vya kamba, nusu wasivae. Majibu yalitoka 2011: waliovaa waliumia vifundo kwa kiasi cha thuluthi moja tu ya wenzao. Aliyeumia akiwa amevaa hakuumia kidogo kuliko mwingine, lakini walioumia walikuwa wachache. Hela nitakutumia kwa simu ukiniambia bei, ila usiniletee bei ya mtalii.

Na la pili, ambalo ndilo hasa. Othman. Ulinipigia ukasema kijana kabadilika, kawa mzito, anavunga mazoezi, karibu umtoe kwenye timu. Nilikuitikia tu kwenye simu. Baada ya haya yote sikupata usingizi kwa ajili yake. Aliumia mwaka jana, si ndiyo? Mguu gani? Alikaa nje siku ngapi, na nani alimtazama? Akitua, anatua kwa miguu miwili au anatupia upande mmoja? Umewahi kumsimamisha kwa mguu mmoja ukamwambia afumbe macho? Anashika ukuta akishuka zile ngazi za nje? Na yeye mwenyewe anasemaje, au hujamuuliza? Na wewe, kile kifundo chako cha michezo ya Mapinduzi ya mwaka ule, unaniambia kweli kiliisha?

Nipigie akimaliza lile jaribio la ukutani. Niambie vidole vingapi.

Nisalimie Bi Mkubwa, mwambie pweza mkavu wake nampa mtu wa boti ya Jumamosi.

Wasalaam,
Hamad

Kiatu changu namba 43. Mguu wa kulia. Wa kulia, Sule.