Shukrani kwa fundi wa Kibuye

Kaka fundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, sikukuuliza jina. Sasa naandika ukurasa wa shukrani wa tasnifu yangu ya uzamivu na nafasi yako iko tupu.

Ule mnyororo ulionitengenezea haukuwa wa mbwa, ingawa ulicheka sana. Kule Watamu tunaulaza juu ya matumbawe ufuate kila shimo na kila nundu, kisha tunapima umbali ulionyooka kati ya ncha zake mbili na kugawa urefu wa mnyororo kwa umbali huo. Mwamba ulio bapa hutoa uwiano wa 1. Wenye mapango na matawi huzidi hapo, na ndimo samaki wadogo wanamojificha. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani yetu, na tumbawe likishakufa, mifupa yake humomonyoka polepole mpaka maficho yaishe.

Wewe ndiwe uliyesisitiza kulainisha kila pete kwa tupa, na bei hukuongeza. Kwa hiyo mnyororo haukunasa wala kuvunja matawi.

Erokamano ahinya, kaka. Anayemjua, karakana yake iko karibu na wauza masufuria, tafadhali amsomee.